Siasa ni Kilimo: Maneno ya Ujamaa katika Nyanda za Juu za Kusini

Mwezi wa Mei mwaka 1972 Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama cha TANU ilikutana mjini Iringa, ikatoa tamko ambalo jina lake lilikuwa maneno matatu tu: Siasa ni Kilimo. Tamko hilo lilimtaka mkulima aliache jembe la mkono na kushika jembe la kukokotwa na ng'ombe. Atumie samadi na mbolea. Achague mbegu bora. Apande kwa wakati. Na palipo na mto amwagilie maji. Miezi mitano kabla ya mkutano ule, kaskazini ya mji huohuo, Mkuu wa Mkoa wa Iringa alikuwa ameuawa kwa risasi katika shamba la mkulima mmoja, kwa sababu ya ugomvi uliohusu kilimo na siasa.

Mambo mawili haya yanakaa karibu sana katika kalenda na katika ramani, lakini mara nyingi huelezwa mbalimbali. Tamko huelezwa na wanahistoria wa chama, na mauaji huelezwa na watu wanaopenda visa. Nia ya makala haya ni kuyaweka pamoja, na kuyatazama kwa njia ambayo yamkini itawafaa wasomaji wa jarida la lugha, yaani kwa kuyachunguza maneno yenyewe ambayo siasa ya ujamaa ilisemwa kwayo katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Mwandishi hafichi kwamba anautazama wakati ule kwa jicho la kijamaa. Haamini kwamba usawa wa watu ni ndoto ya wajinga. Lakini mtu anayeipenda hoja yapaswa aichunguze kwa ukali kuliko anayeichukia, kwa kuwa ndiye atakayepata hasara ikiwa ina kasoro.

I. Asili ya maneno

Tuanze na neno siasa lenyewe. Limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kuongoza na kusimamia. Wataalamu wa lugha ile hulihusisha na kazi ya mtu anayetunza na kufundisha farasi. Lilipoingia katika Kiswahili lilichukua pamoja na maana ya utawala maana nyingine ambayo vijana wa leo hawaijui. Kamusi za zamani, ile ya Johnson ya mwaka 1939 miongoni mwake, zinatuonyesha kwamba siasa ilikuwa pia upole, uangalifu na utaratibu katika kufanya jambo. Mtu aliyeambiwa amwendee mwenziwe kwa siasa alielewa kwamba asimwendee kwa pupa wala kwa vitisho. Tuliweke neno hili akibani, kwa maana tutalihitaji tena.

Neno jamaa nalo ni la Kiarabu. Asili yake ni kukusanyika, na jamaa ni kundi la watu waliokusanyika, iwe kwa damu, kwa dini au kwa shauri jingine. Katika Kiswahili maana ya damu ndiyo iliyoshika nguvu: jamaa zangu ni watu wa ukoo wangu. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa insha yake juu ya ujamaa mwezi wa Aprili mwaka 1962, alilitumia neno hili kwa kukusudia. Alitaka kusema kwamba usoshalisti wa Afrika hautokani na vita vya matabaka kama ule wa Ulaya, bali ni kuupanua ukoo hata uwe taifa zima.

Maneno ya upande wa pili yalikuwa na safari yake. Bepari lilitoka Bara Hindi, na kwa muda mrefu lilikuwa jina la mfanyabiashara tu. Mwalimu mwenyewe, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, aliiita Mabepari wa Venisi, nayo ikachapwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa hiyo katika miaka ileile neno moja lilimtaja mfanyabiashara katika kitabu cha shule na adui wa taifa katika mkutano wa hadhara. Kabaila, kutoka neno la Kiarabu la kabila, lilikuwa jina la mtu wa nasaba kubwa kabla halijawa jina la mwenye ardhi anayeishi kwa jasho la wengine. Na kunyonya ni tendo la mtoto mchanga kwa mama yake, ambalo siasa ililigeuza kuwa tendo la mtu mzima kwa jirani yake. Mnyonyaji akaitwa kupe, na njia yake ya kunyonya ikaitwa mrija.

Yatupasa tuone nguvu ya maneno haya. Hayakuhitaji kamusi. Mfugaji wa Usangu alimjua kupe tangu utoto wake, na mwanamke wa Njombe aliyekwisha kulea watoto alijua kunyonya ni nini. Hapana shaka kwamba katika nchi chache sana duniani nadharia ya usoshalisti ilielezwa kwa lugha iliyo karibu hivi na maisha ya mkulima. Lakini yatupasa tuone na udhaifu wake. Haya yote ni maneno ya mwili na ya nyumbani. Yanamtaja mtu na tabia yake. Hayataji mpango unaomwezesha mtu huyo kuishi hivyo. Neno kupe halisemi lolote juu ya kodi ya shamba, wala ujira wa kibarua, wala gharama ya kukodi trekta. Anayeambiwa kwamba jirani yake ni kupe haambiwi afanye nini ili ukupe uishe, ila kumng'oa kupe huyo.

II. Rungwe kabla ya neno ujamaa

Insha ya mwaka 1962 ilijengwa juu ya picha ya jamii ya kale isiyokuwa na matabaka. Tukiipima picha hiyo katika nyanda zetu, twaona kwamba haikai sawasawa. Dola ya Wahehe chini ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa ilijengwa kwa vita, kwa ushuru na kwa mateka. Ushujaa wa Mkwawa mbele ya Wajerumani, tangu mapigano ya Lugalo mwaka 1891 hata kifo chake mwaka 1898, ni fahari ya nchi nzima. Lakini dola aliyoitetea haikuwa dola ya watu walio sawa.

Tukivuka kwenda Rungwe twakuta jambo la namna nyingine, ambalo kwa mawazo ya mwandishi lilistahili kuangaliwa zaidi na waandishi wa ujamaa. Wanyakyusa walikaa katika vijiji vya rika. Monica Wilson, aliyeishi huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na kuchapa kitabu chake mwaka 1951, ametueleza utaratibu wake. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walianza kujijengea vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walilala huko, wakaenda kula kwa makundi katika nyumba za mama zao, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Walipokua walioa wakawaleta wake zao palepale, na kibanda kikawa nyumba, na vibanda vikawa kijiji. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana madaraka ya nchi, na ardhi ikagawanywa upya. Wema waliousifu kuliko wote waliuita ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzio kwa mazungumzo na furaha, na kula pamoja nao.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba msingi wa kijiji hicho haukuwa damu. Jirani yako alikuwa wa rika lako, na ndugu yako wa tumbo moja angeweza kuwa wa kijiji kingine. Huu ulikuwa ujamaa kwa maana ya asili ya neno lile la Kiarabu, watu waliokusanyika kwa kukubaliana. Hata hivyo tusiutukuze kupita kiasi. Wanawake hawakuwa na rika la namna hiyo, bali walifuata vijiji vya waume zao, na ng'ombe wengi walikuwa mikononi mwa wazee.

Tena vijiji vya rika havikungoja siasa ya mtu yeyote ili vife. Vilidhoofika ardhi ilipokuwa haba na mbuni ulipoingia. Shamba la mazao ya mwaka mmoja laweza kuachwa na kukabidhiwa vijana. Lakini aliyepanda kahawa, akaingoja miaka kadhaa hata izae, akaiuza kwa fedha, hawezi kuondoka kwa moyo mwepesi. Mti unaodumu ulimfunga mtu mahali pamoja, na fedha iliyotokana nao ikawa ya nyumba yake. Basi kabla ya uhuru mali ilikuwa imekwisha kuvunja kile ambacho baadaye ilisemekana kwamba neno litakirudisha. Msoshalisti anayetaka kujifunza kwa historia ya kwao angeanzia hapa, kwa kuwa hapa twaona waziwazi kwamba desturi ya kugawana haiwezi kuishi peke yake pale ambapo njia ya kupata riziki imebadilika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Kiholanzi, Thoden van Velzen, alichunguza maisha ya Bulambya, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Aliyoyaona ni kwamba watumishi wa serikali waliopelekwa kuwasaidia wakulima wote walikuwa wamefanya urafiki na wakulima wenye uwezo. Bwana shamba alimtembelea mwenye mali. Mwenye mali alimkirimu bwana shamba. Na mkulima maskini alibaki nje ya urafiki ule. Katika mikutano wote watatu waliitana ndugu.

III. Isimani

Sasa tuje Isimani. Tarafa hii iko kaskazini ya mji wa Iringa, kando ya barabara ya Dodoma. Mvua zake ni chache kuliko za Mufindi au Njombe, lakini baada ya Vita Kuu ya Pili udongo wake ulikuwa haujachoka, na watu wa makabila mbalimbali wakaanza kufyeka na kulima mahindi ya kuuza. Waliotangulia walijipatia maeneo makubwa. Wakanunua matrekta, wakawakodishia wengine, wakaajiri vibarua waliotoka sehemu zenye ardhi haba. Katika miaka ya 1960 Isimani ilikuwa ghala la mahindi, na ilikuwa pia mahali ambapo mtu aliweza kuona kwa macho, bila kusoma kitabu cha Marx, jinsi wakulima wanavyogawanyika wakawa matabaka. Adhu Awiti, aliyefanya uchunguzi huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika habari zake kwa mtazamo huo.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba hapakuwa na unyonyaji Isimani, na kwamba ujamaa ulikwenda kuwasumbua wachapa kazi, hawasemi kweli yote. Mwenye ekari nyingi alipata utajiri wake kwa juhudi yake na kwa ujira mdogo aliomlipa mwingine. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja, na hakuna haja ya kukana moja ili kukiri jingine.

Mwaka 1971 serikali iliazimia kuigeuza Isimani kuwa nchi ya vijiji vya ujamaa, na mashamba makubwa yawe ya vijiji. Mkuu wa Mkoa alikuwa Dakta Wilbert Klerruu, mtu msomi na mwenye imani, aliyetoka Mtwara ambako vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanzishwa kwa wingi na kwa haraka. Alikwenda mashambani mwenyewe, akasimamia kazi mwenyewe. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, alifika Mkungugu katika shamba la Said Mwamwindi, aliyekuwa akilima siku hiyo. Wakazozana. Mwamwindi akachukua bunduki yake akampiga Mkuu wa Mkoa, akafa. Kisha akaipakia maiti katika gari la marehemu, akaiendesha mpaka mjini, akajisalimisha kwa polisi. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimhukumu kufa. Jina la Klerruu likapewa chuo cha ualimu mjini Iringa, na hivyo walimu wengi wa nchi hii wamelichukua katika vyeti vyao.

Tangu siku ile kisa hiki kimesimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaomtaja Mwamwindi kuwa shujaa wa haki ya mtu katika ardhi yake, na wako wanaomtaja Klerruu kuwa shahidi wa ujamaa. Mwandishi amezisikia simulizi zote mbili mara nyingi, na kila mara jambo moja humsumbua. Katika zote mbili kuna watu wawili tu wanaosema, mwenye madaraka na mwenye mali. Kibarua hayumo. Yule mtu ambaye kwa ajili yake ilisemekana kwamba shamba litakuwa la wote, aliyekuwa akipalilia mahindi ya mwingine kwa ujira, hatumsikii akinena neno lolote. Hatujui kama aliitaka ardhi ile, au aliitaka kwa masharti gani, au angependa aongezwe ujira badala yake. Hakuulizwa kabla ya risasi wala baada yake.

Hii ndiyo kasoro ambayo maneno kama kupe na mrija hayakuweza kuiponya. Yalitufundisha kumtazama mnyonyaji hata tukasahau kumsikiliza anyonywaye.

IV. Kuhama na kuhamishwa

Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa katika viambishi vya vitenzi vyake, na historia ya miaka iliyofuata yaweza kuandikwa kwa kitenzi kimoja tu. Mtu huhama kwa hiari yake. Huhamia mahali alipopachagua. Huhamisha mali yake au watu wengine. Na mwisho huhamishwa, yaani tendo ni la mwingine na yeye ni mtendwa.

Katika kijitabu chake cha Ujamaa Vijijini, kilichotolewa Septemba mwaka 1967, Mwalimu alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika ujamaa. Wataingia kwa kushawishika na kwa kuona mfano. Huo ulikuwa wakati wa kuhamia. Novemba mwaka 1973 alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba watu wote wa vijijini wawe wamekwisha kuhamia humo kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Huo ulikuwa wakati wa kuhamishwa. Neno jipya likaingia katika Kiswahili cha shamba, nalo ni operesheni, neno la hospitali na la jeshi. Na neno la zamani likaanza kuondoka: vijiji vipya vikaitwa vijiji vya maendeleo, na ujamaa ukabaki kuwa daraja ambalo kijiji kingelifikia baadaye. Mwaka 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji. Wazee wa Iringa na wa Usangu hata leo wakihesabu miaka husema, "mwaka ule tulipohamishwa," nao hawatumii kauli nyingine ya kitenzi hicho.

Je, njia nyingine ilikuwako? Ilikuwako, tena si mbali. Ng'ambo ya Njombe, katika nchi ya Songea, watu wa Litowa na vijiji vingine walikuwa wameanzisha tangu mwanzo wa uhuru umoja wao wa maendeleo wa Ruvuma. Walihama wenyewe, wakalima pamoja, wakaamua mambo yao katika mikutano yao, wakajenga shule waliyoitaka. Mwalimu aliwasifu. Lakini Septemba mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja ule, na mali yake ikachukuliwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, ila mtu anayeitazama habari hii sasa aona kwamba kosa lao kubwa lilikuwa kufanya ujamaa bila kungoja kuambiwa na viongozi wa mkoa. Miaka miwili baadaye Klerruu alikwenda Isimani, na baada yake zikaja operesheni. Tamko la Siasa ni Kilimo lilitolewa katikati ya safari hii, wakati siasa kwa maana ya upole ilikuwa ikiisha, na siasa kwa maana ya amri ilikuwa ikianza kulishika jembe.

V. Mavuno

Msomaji asidhani kwamba mwandishi ataka kusema hakuna kilichovunwa. Kilivunwa, na Nyanda za Juu za Kusini ndizo zilizovuna zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchini kote. Maana yake ni kwamba mkulima wa Mbozi au wa Njombe, aliye mbali sana na soko la Dar es Salaam, hakukatwa tena gharama ya umbali wake. Barabara ya lami kwenda Zambia ilikuwa imepita Iringa na Mbeya. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 na iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa mwaka 1976. Mbolea ilikuja kwa bei iliyopunguzwa. Mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikawa ghala la taifa, na watu wakaiita Mikoa Minne Mikubwa.

Hii ilikuwa kazi ya ujamaa kweli, ingawa haikuitwa kwa jina hilo. Taifa zima lilibeba gharama ya umbali wa mkulima mmoja, kama ukoo unavyobeba gharama ya safari ya mgonjwa wake. Hakuna aliyehamishwa kwa ajili ya bei ile, wala aliyeitwa kupe. Bei moja iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya hapo punguzo la bei ya mbolea nalo likaondolewa kwa muda. Mkulima wa nyanda zetu ambaye hakumbuki hotuba yoyote ya siku zile huikumbuka bei ile.

Kwa upande mwingine Mei mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikapewa mashirika ya umma. Vyama hivyo vilikuwa na makosa mengi, na baadhi ya viongozi wake walikula fedha za wanachama. Lakini vilikuwa mahali pamoja pa nadra ambapo mkulima aliweza kusimama mbele ya mwenye hesabu akamwuliza swali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, ila desturi ya kuuliza haikurudi upesi kama sheria.

VI. Maneno ya leo

Miaka mingi imepita. Mwaka 1991 uamuzi uliofanywa Zanzibar uliyalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na baadaye kidogo ukaja mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, unaopita Iringa na Mbeya, ambao watu wanaujua kwa jina la SAGCOT. Shamba la mpunga la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China likiwa mali ya umma, limepita mikononi mwa mtu binafsi. Mwandishi aliwahi kuwauliza wanafunzi wake maana ya unyonyaji. Wengi waliufikiria unyonyeshaji wa watoto. Alipowauliza maana ya mwekezaji, hakuna aliyesita.

Tulitazame na neno hili kwa haki ileile tuliyotumia juu ya kupe. Mwekezaji ni mtu anayeweka. Neno linamwona akileta fedha. Halimwoni akiondoka na faida. Kupe lilikuwa na upofu wa upande mmoja, na mwekezaji lina upofu wa upande wa pili. Zamani tulimtazama mwenye mali tukaona anayechukua tu. Sasa twamtazama tukaona anayeleta tu. Na katika nyakati zote mbili kibarua wa chai Mufindi, au wa mpunga Mbarali, au wa mahindi Isimani, hana neno lililotungwa kwa kumtazama yeye. Jina lake ni lilelile la wakati wa Wajerumani na Waingereza.

Hata hivyo miaka ya ujamaa ilituachia chombo kimoja ambacho hatujakitumia vya kutosha. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa mwili wenye haki mbele ya sheria, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji kauli katika mambo ya ardhi yake. Mkutano huo ni wa watu wazima wote, mwenye trekta na asiye na jembe, mwanamume na mwanamke. Ulizaliwa katika wakati wa amri, lakini sheria yake yaruhusu mazungumzo. Pale ambapo ramani ya mwekezaji huletwa ikiwa imekwisha kuchorwa, na wanakijiji wakaitwa kupiga makofi, twarudia Isimani kwa mavazi mengine. Pale ambapo mkutano unasema hapana, au unasema ndiyo kwa masharti yake, watu wanafanya siasa kwa maana zote mbili za neno lile, ya kuongoza na ya upole.

Kwa hiyo mwandishi haoni kwamba tamko la Iringa lilikosea. Siasa ni kilimo kweli, katika nchi ambayo watu wengi hula kwa jembe. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwenye kuijua siasa ameisha kumjua mkulima, na kwamba mwenye kusema kwa niaba ya kibarua hana haja ya kumsikiliza.

Kwa wenzetu wa uchunguzi wa lugha iko kazi ya haraka. Watu waliokuwa vibarua wa Isimani katika miaka ya 1960, waliokuwa na umri wa miaka ishirini wakati ule, sasa ni wazee sana. Waliwaitaje wenye matrekta walipokuwa peke yao jioni? Waliuitaje ujira wao, na siku ya kulipwa, na shamba ambalo halikuwa lao? Walitumia neno gani, kwa Kihehe, kwa Kibena au kwa Kiswahili, walipoambiwa kwamba shamba hilo sasa ni la wote? Maneno hayo hayamo katika kamusi zetu, wala katika hotuba, wala katika hukumu ya mahakama. Tukichelewa kidogo tu hayatakuwamo mahali popote, na historia ya ujamaa katika nyanda hizi itabaki kuwa mazungumzo ya watu wawili waliokutana shambani siku ya Krismasi.